Shabu Nimeitoa Sandukuni

Zena mwanangu,

Karatasi hizi utazikuta sandukuni chini ya kanga zako, mahali pale pale shangazi yako alipoweka kipande cha shabu, lile jiwe jeupe wanalotupa makungwi la kujikaushia. Shabu usiitafute. Nimeitoa mimi, na sababu nitakueleza, ila nivumilie nianze taratibu maana nimechoka. Miguu imevimba kwa kusimama shughulini, sauti imekauka kwa kugombeza wapishi. Uani bado wanasugua masufuria ya pilau, na shangazi yako Somoe anaongoza nyimbo kwa ile sauti yake ya kuamuru, na weye umo chumbani umefunikwa ushungi unaimbiwa. Kesho wanakuchukua kwa gari mpaka Nyamisati, kisha boti, mpaka Kiongoroni kwa mumeo. Mimi nitabaki na masufuria.

Habari za kupika, za kuwaamkia wakwe, za kuamka mapema, sikuandikii. Hayo umeyasikia mpaka umeyachoka, nimekuona ukipiga miayo. Nataka kukuandikia lile ambalo kwetu mama hamwambii bintiye. Ulipovunja ungo ulikuja kwangu jikoni, umeshika gauni kwa nyuma, macho yamekutoka. Nilikushika mkono nikakupeleka kwa shangazi yako, nikakuacha mlangoni bila hata neno moja. Uligeuka ukanitazama. Ndivyo mila ilivyo, mama hamfundi mwanawe, na mimi nilipelekwa hivyo hivyo. Lakini lile jicho ulilonitazama nalo sijalisahau, na leo naona haya kulizungumza uso kwa uso hata kama umekwisha kuwa mke wa mtu. Ndiyo maana naandika. Mwandiko wangu unaujua, ni ule wa elimu ya watu wazima, mistari inapanda mlima. Usinicheke.

Shangazi yako simlaumu. Amekufundisha usafi, amekufundisha staha, amekupa shanga zako. Nyekundu za kutundika msumarini juu ya kitanda ukiwa mwezini, nyeupe ukishajitoharisha, mume aone mwenyewe pasipo mtu kufumbua mdomo. Ni jambo zuri, mimi mwenyewe nililipenda, maana baba yako nilipoolewa naye nilikuwa namwonea haya hata kumwambia chumvi imekwisha. Shanga zilinisemea. Na ubaya ulianzia hapo.

Nikuambie jinsi ilivyokuwa. Tulikuwa Mkongo wakati ule, mashamba ya mpunga yako bondeni, kijiji kiko juu. Mpunga ukishatoa mashuke lazima mtu akae dunguni, kile kibanda cha miti mirefu, mchana afukuze ndege na usiku nguruwe. Baba yako alikuwa analala huko, na kila baada ya siku chache alikuwa anapanda nyumbani kuoga, kula cha moto na kukaa na mkewe. Akiingia chumbani, jicho la kwanza linakwenda msumarini. Akiona nyeupe, anavua shati. Akiona nyekundu, anakula, anachukua kikoi chake, anarudi dunguni. Hakuwahi kuniuliza swali.

Sasa mimi nilikuwa na ugonjwa wangu. Ndivyo nilivyouita moyoni, ugonjwa. Kila mwezi, baada ya kumaliza hedhi na kukaa mkavu siku kadhaa, nilikuwa natokwa na kitu kama ute, kisicho na rangi, kinateleza, ukikishika kinavutika. Hakinuki, hakiwashi, hakiumi. Lakini kungwi wangu alikuwa amenifunda kwamba mwanamke safi ni mkavu, na kwamba kinachotoka tumboni ambacho si damu ni uchafu, mume asikiguse, kitamdhuru. Hakunifundisha jina lake. Basi kila nilipokiona nilikuwa najisafisha kwa maji ya shabu mpaka panauma, na msumarini nilikuwa natundika nyekundu. Nikakosa hata raha ya kuswali, nikawa natawadha na kurudia kutawadha mpaka mama mkwe akawa ananitazama.

Kwa hiyo shanga nyekundu zilikuwa zinapanda msumarini mara mbili kila mwezi, mara moja kwa haki na mara moja kwa ujinga. Na baba yako kila mara alichukua kikoi chake akaenda zake.

Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Wenzangu tuliotolewa nje pamoja unyagoni walikuwa na watoto wa kutumwa dukani. Mimi nikaanza kunyweshwa mizizi. Nimekunywa dawa chungu, dawa ya moshi nimejifukiza, nimefungwa hirizi kiunoni, nimelala juu ya majani nisiyoyajua. Kwenye arobaini za watoto wa watu sahani ya halua ilinifikia kama wengine, lakini mtoto mwenyewe alipokuwa anapitishwa mikononi, nikifikiwa anarukishwa kwa jirani yangu. Kwa upole kabisa, eti amechoka kushikwashikwa. Nilikuwa narudi nyumbani natwanga mpunga hata kama hakuna wa kutwanga.

Bibi yako, mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya, ila alitaka mjukuu. Siku moja alinikalia jikoni akasema, "Mwanangu, miye sikufukuzi. Lakini Athumani hana wa kumrithi jembe. Kuna binti pale Utete, wazee wake twajuana. Ukikubali weye atakuja kama mdogo wako." Nikamwambia, "Haya mama." Nini kingine ningesema? Posa ilikuwa ipelekwe baada ya mavuno.

Ndipo uzi ulipokatika.

Sikia, Zena, maana hapa ndipo unapoingia weye. Ugonjwa wangu ulikuwa umekuja, na baba yako alikuwa anatarajiwa kupanda jioni. Nikafungua kikapu changu kidogo cha shanga nizitoe nyekundu, nazivuta tu, uzi ukakatika. Ulikuwa uzi wa pamba, umeoza kwa jasho na kwa miaka. Shanga zikamwagika chumba kizima, zikaviringika uvunguni, zikatoka mlangoni. Kuku akadhani mtama, akadonoa nyingine akazimeza palepale mbele ya macho yangu. Nikapiga magoti naziokota kwenye vumbi, nimepata nusu tu, na uzi sina. Siku hizi mnaingia duka lolote hapa Kibiti, mnakuta uzi wa kila rangi, shanga, vitenge, redio, mitumba mpaka mnajikwaa. Wakati ule duka la kijiji lilikuwa na kaunta na muuzaji, basi. Sabuni tulikuwa tunaipangia foleni. Nani angeagiza shanga?

Baba yako akaingia nimesimama nimeshika zile nyeupe mkononi, sijui nizitundike au nizifiche. Akatazama msumarini, mtupu. Akanitazama mimi.

"Leo vipi?" akaniuliza.

Nikatafuta neno. Wallahi nilitafuta. Hedhi haikuwa hedhi. Naumwa, siumwi. Uchafu, nitamwambiaje mwanamume nina uchafu? Miaka yote ile sijawahi kuzungumza naye jambo la mwili wangu kwa mdomo, ulimi haujui hata pa kuanzia. Nikasema, "Hamna kitu." Akavua shati.

Mwezi uliofuata sikuziona siku zangu. Wala uliofuata. Mganga wa mwisho alidai ni mizizi yake, bibi yako alisema ni nadhiri aliyoiweka yeye, shangazi yako Somoe alisema ni dua aliyoisoma yeye, na mpaka leo anaamini hivyo, usimvunje moyo. Posa ya Utete haikupelekwa. Uzi ulikatika, nikakupata weye.

Ungedhani nimejifunza hapo. Sikujifunza kitu, nilidhani Mungu amenionea huruma tu. Shanga nyekundu sikuzitunga tena, ulimi ukabaki ule ule, na kukataa sikujua kukataa. Ulipoanza kutambaa siku zangu zikarudi, na kabla hujaachishwa ziwa nilikuwa na mimba ya Omari. Maziwa yakakatika. Weye ukakonda, tumbo mbele, nywele zikawa nyekundu, ukawa unakaa tu ulipowekwa. Unajua ile picha yako ya utotoni usiyoipenda? Ilipigwa ulipokwisha kupata nafuu. Kabla ya hapo nisingethubutu kukupiga picha.

Nikawapeleka kliniki, weye mgongoni, Omari mchanga kifuani. Nesi alikuwa mwanamke mfupi, ana haraka zake. Akakupima, akatikisa kichwa, akaniuliza mbona nimewafuatanisha hivi. Sijui nini kilinipata siku ile, labda uchovu. Nilimweleza yote pale pale. Nilimwambia miaka yote nilikosa kabisa, sasa wanakuja kama mvua, sielewi mwili wangu unataka nini. Nikamwambia mpaka habari ya ule ugonjwa.

"Unanuka?" akaniuliza.

"Hata."

"Unawasha? Una rangi?"

"Hauna. Ni kama ute wa yai."

"Na unakuja katikati hapo, kabla ya hedhi nyingine?"

"Ndiyo."

Akaweka kalamu chini. "Sasa dada, huo si ugonjwa. Hizo ndizo siku zenyewe. Yai linapokaribia kutoka, mwili unaweka ute huo ili mbegu ya mume ipite na iishi. Mwanamke akiwa nao ndipo anaposhika mimba. Weye siku hizo ulikuwa unafanyaje?"

Nikamwambia nilikuwa namfukuza mume wangu.

Hakunicheka. Akasema "Pole." Nikatoka nje nikakaa chini ukutani na nyinyi wawili, nikalia kwa hasira. Furaha haikuwepo hata chembe, nisikudanganye. Nilikasirika kwa ile mizizi, kwa wale watoto waliorukishwa mikononi mwangu, kwa shabu iliyoniunguza bure. Nilimkasirikia kungwi wangu aliyekwisha kufa, na mama yangu aliyeniacha mlangoni. Kisha nikakumbuka kwamba na mimi nina binti.

Na bado nilikaa miaka mingi kabla ya kumwambia baba yako. Nilimwambia juzijuzi tu, baada ya posa yako kukubaliwa. Tulikuwa tunapembua choroko, nikaanza kwa kuzungukazunguka, mwishowe nikamwambia yote. Alipembua mpaka ungo ukaisha. Akasema, "Miye nilijua hakuna mwanamke wa kuwa mwezini mara mbili kwa mwezi. Nilidhani hunitaki, Mama Zena. Nikasema moyoni, huyu anatafuta namna ya kunikwepa kwa heshima. Ndiyo maana mama aliponiambia habari za Utete sikukataa."

Miaka yote ile, mwanangu. Yeye anatazama msumari anadhani nimemchoka, mimi nautazama nadhani namkinga na maradhi. Watu wawili wazima wamewaachia shanga kuongea. Iliniuma kuliko ile mizizi.

Sasa unakwenda Kiongoroni. Mkweo ni mwema, nimemwona, lakini ameshaanza kukutazama tumbo, na mwezi wa tatu ataanza kuuliza. Zahanati ni mbali, boti haina saa. Sitaki ukae kule unakunywa mizizi bila kujijua, na sitaki uzae kabla mwili haujapumua kama nilivyokuzalia Omari juu. Kile kitabu chako cha shule nilikisoma uliponiomba nikifungie jalada. Kimechora duara zuri sana na yai linatoka katikati kabisa ya mwezi. Mwili wako hauendi kwa lile duara. Mimi ndiye niliyeanua vitambaa vyako, najua mwezi mwingine unawahi, mwingine unachelewa mpaka unanitia wasiwasi. Usiogope, wengi wako hivyo. Homa inachelewesha, safari inachelewesha. Nilipofiwa na mama yangu, zangu zilikaa sana zisije.

Basi usijihesabu kwa kitabu, jitazame. Hedhi ikiisha utakaa mkavu, mwingine siku nyingi, mwingine hata moja hapati. Kisha utaona unyevu wa kunatanata. Kisha ule ute wenyewe, unaoteleza, unaovutika. Hapo yai liko karibu. Ukikauka tena, yai limekwisha kutoka, na kutoka hapo mpaka hedhi nyingine ni kama wiki mbili hivi. Huo upande wa nyuma haubadiliki sana, upande wa mbele ndio unaorefuka na kufupika, ndiyo maana kuhesabu tangu hedhi iliyopita kunatudanganya. Ukitaka mtoto, siku za ute usimfukuze mumeo. Usipomtaka bado, jihadhari tangu unyevu wa kwanza, maana mbegu ya mwanamume inaweza kukaa ndani siku kadhaa inasubiri. Na kwa kuwa siku zako zinarukaruka, usitegemee kujitazama peke yake. Mkija huku pita kliniki uwaulize uzazi wa majira, hakuna dhambi katika kuuliza. Ila ukiona kitu chenye harufu mbaya, au kinawasha, au cha rangi ya usaha, huo ndio ugonjwa, panda boti siku hiyo hiyo. Na shabu usiiweke huko, wala ndimu, wala dawa ya mtu yeyote. Mwili unajisafisha wenyewe, maji tu ya nje yanatosha.

Na mwaka ukipita bila mtoto, mwende hospitali wote wawili. Wote, Zena. Mimi miaka yangu yote hakuna aliyewaza kumpima baba yako hata mapigo ya moyo.

Zangu mimi zinaondoka sasa. Miezi miwili hazionekani, zinakuja kidogo, zinapotea tena, na joto linanipanda usoni hapa ninapoandika. Nimekuja kuujua mwili wangu wakati unafunga duka. Inanichekesha wakati mwingine, lakini mara nyingi inanichosha.

Somoe ameniita mara mbili, anataka kujua bi harusi atafungiwa nini cha kula njiani. Akija kuuliza shabu yake iko wapi, nitamwambia nimeitumia. Kweli nimeitumia. Lile pipa la maji ya mto lilikuwa tope tupu tangu jana, nimeizungusha humo mpaka tope likashuka, sasa naona mpaka chini. Shabu kazi yake ni hiyo. Nimekuchotea chupa mbili, za kunywa kwenye boti.

Shanga zako nimeziacha, mpya, kama alivyokupa. Ila pembeni yake utakuta kifundo cha kitambaa, humo ndani kuna zangu, zile nyekundu nilizookota. Nimezitunga alasiri hii kwa uzi wa nailoni. Hazifiki kuzunguka hata mkono, maana nyingine kuku alikula na nyingine ziko Mkongo kwenye ule udongo. Zitundike ukipenda. Lakini mumeo akitazama msumarini, kisha akakuuliza, "Leo vipi?", usimwambie hamna kitu.

Ni mimi mama yako, niliyekuacha mlangoni.